Habari za Mfyulisi na Ndugu Yake Mwenye Ngozi Laini

Wasomaji wetu, liko jambo lililotukia katika ujirani wetu wa Usa River, nalo ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Mama mmoja wa vijiji vya juu, mlimani Meru, alikuwa na mti uliozaa mafyulisi yasiyo na vinywele. Ngozi yake ilikuwa laini, yang'aa kama ya plamu. Wauzaji wa mjini huyaita nektarini. Jirani yetu aliyapenda, akamwomba kokwa, akapewa tatu bila malipo, akazipanda shambani kwake huku chini. Mbili zikaota. Mwaka wa nne miti ile ikazaa matunda machache, nayo yote yenye vinywele kama mafyulisi tuyajuayo. Jirani akanung'unika ya kuwa amedanganywa, na neno likafika mbele ya wazee. Sisi walimu tulipoulizwa tulijibu upesi, "Mwembe hauzai mapera." Mama yule akarudi kwake kwa aibu. Baadaye tulisoma habari za mti huu, tukaona kwamba waliokosa ni sisi.

Kwanza tutazame asili yake. Warumi waliupata mti huu kwa njia ya Uajemi, na katika karne ya kwanza baada ya Kristo walikuwa wakiupanda kwao. Wakadhani Uajemi ndiko ulikozaliwa, wakauita kwa jina la nchi ile. Jina hilo limo hata leo katika jina lake la kitaalamu, Prunus persica. Lakini katika karne ya 19 Mswisi Alphonse de Candolle alieleza kwamba asili yake ni China. Tena siku zetu hizi kokwa za kale zilizochimbuliwa katika bonde la chini la mto Yangtze zimeonyesha kwamba watu wa huko walikula mafyulisi yapata miaka 8,000 iliyopita. Basi jina la Uajemi ni jina la njia, wala si la nyumbani.

Wataalamu huuweka mti huu katika ukoo mmoja na plamu, aprikoti, cheri na lozi. Hata katika msitu wetu wa Meru yuko ndugu wa ukoo huo: ule mti mkubwa ambao gome lake hufanywa dawa, uitwao Prunus africana. Nao ulipewa jina la ukoo mwingine tangu karne ya 19, hata mwaka 1965 ukarudishwa kwa ndugu zake. Twaona basi kwamba hata wenye elimu hukosea wakitazama jambo kwa haraka, ila husahihisha.

Na nektarini je? Watu wengi walidhani ni mti wa namna nyingine. Wengine walisema ni mtoto wa fyulisi na plamu. Lakini tangu mwaka 1741 Mwingereza Peter Collinson aliandika habari za mfyulisi uliozaa nektarini. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1868 juu ya wanyama wafugwao na mimea ipandwayo, alikusanya shuhuda nyingi za namna hiyo: kokwa za mfyulisi zilizotoa nektarini, kokwa za nektarini zilizotoa fyulisi, hata tawi moja la mfyulisi kuzaa nektarini, na matawi mengine yakizaa kama desturi yao. Kwa hiyo hizi si namna mbili za miti, ni moja.

Sababu yake imejulikana baadaye. Kila mti hupokea urithi wa sehemu mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Sehemu iletayo vinywele ina nguvu. Iletayo ulaini hujificha mbele yake. Mti wenye moja ya kila namna huzaa matunda yenye vinywele, lakini ulaini umo ndani. Miti miwili ya jinsi hiyo ikizaana, katika watoto wanne yamkini mmoja atakuwa laini. Nektarini ni mti uliopokea ulaini pande zote mbili. Mwaka 2014 wataalamu wa Italia walionyesha hasa mahali pa urithi huo palipoharibika hata vinywele visiote.

Mara nyingi ua la nektarini hupata chavua yake lenyewe, na kokwa zake huleta nektarini. Lakini nyuki akililetea chavua ya mfyulisi wa kawaida, mtoto huzaa matunda yenye vinywele. Mti wa mama yule ulisimama katikati ya mifyulisi ya kawaida, na mizinga ya nyuki haikuwa mbali. Alitoa alichokuwa nacho, kwa moyo safi.

Na uchache wa matunda? Hilo nalo si kosa lake. Mti huu ni wa nchi zenye majira ya baridi. Hupukutisha majani, hulala, kisha huamka na kutoa maua. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa 600 hata 1,000 za baridi isiyozidi digrii 7. Usa River, penye mwinuko wa kama mita 1,200, hapana baridi ya kiasi hicho. Katika Usambara, ambako Wajerumani walianzisha shamba la kujaribia mimea ya Ulaya huko Kwai mwaka 1896, nchi ya juu ina ubaridi zaidi, na mafyulisi ya Lushoto yajulikana sokoni mpaka leo. Tena tangu miaka ya 1950 Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kimezalisha aina zinazotosheka na baridi kidogo, nyingine zisizotaka hata saa 200.

Basi atakaye kupanda, asiulize tu kama tunda ni laini. Aulize mche wataka baridi kiasi gani. Asitumaini kokwa, bali atafute mche uliobebeshwa, yaani jicho la mti mzuri lililounganishwa na shina la mwingine, kwa maana huo hufuata mti ulikotoka jicho. Achague mahali pasipotuama maji. Apogoe kila mwaka, kwa kuwa matunda hutokea katika vitawi vya mwaka uliopita. Na matunda yakisongamana ayapunguze, aache nafasi ya shubiri kati ya moja na jingine. Yaliyoanguka na kuoza ayafukie chini sana, nzi wa matunda wasizaliane humo. Watoto wasile kiini cha kokwa, maana kina sumu.

Sisi tulipanda mlima, tukamwendea mama yule nyumbani kwake pamoja na jirani na wazee wawili, tukamwomba radhi mbele ya watoto wake. Akatusikiliza, akacheka, akatuandalia matunda. Mengine yalikuwa laini, mengine yenye vinywele. Tulipofumba macho na kuyaonja, hatukuweza kuyapambanua.