Mtoto wa Mbwa Alelewaye Kumwongoza Kipofu

Fuateni maneno kwa kidole, nami nitasoma polepole.

Leo tutasoma habari za mbwa. Msicheke! Sote twamjua mbwa wa kulinda boma na mbwa wa kuwinda. Lakini yuko mbwa mwenye kazi nyingine, nayo ni kumwongoza mtu asiyeona. Kazi hii ilianzaje?

Ilianza kwa sababu ya vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 mpaka 1918, askari wengi walipofuka macho. Wengine walipofushwa na hewa ya sumu. Mwaka 1916 daktari mmoja Mjerumani, Gerhard Stalling, alifungua shule katika mji wa Oldenburg. Humo mbwa walifundishwa kuwaongoza askari hao.

Bibi mmoja Mmarekani, Dorothy Harrison Eustis, alikuwa akikaa Uswisi na kufuga mbwa wa kazi. Aliona shule ya namna hiyo huko Ujerumani, na mwaka 1927 akaandika habari zake katika gazeti la Marekani. Kijana kipofu, Morris Frank, alisomewa habari hizo. Akavuka bahari mpaka Uswisi, na mwaka 1928 akarudi kwao na mbwa jike, jina lake Buddy. Buddy alimvusha barabara za New York zenye motokaa tele. Mwaka 1929 shule ikaanzishwa Marekani. Huko Uingereza, mbwa wanne wa kwanza walimaliza mafunzo mwaka 1931.

Lakini palikuwa na shida. Shule ya Uingereza ilipokea mbwa waliokwisha kukua, wala haikujua walilelewaje. Wengine walishindwa kazi. Basi mwaka 1956 ukaanzishwa mpango mpya. Mtoto wa mbwa, mwenye umri wa majuma machache tu, alipelekwa kulelewa nyumbani kwa watu waliojitolea. Watu hao hawakumfundisha kuongoza. Walimfundisha adabu: kujisaidia nje, kuja aitwapo, kukaa aambiwapo, na kutofukuza paka. Tena walimtembeza madukani, stesheni, na njiani penye magari, ili azoee kelele na watu. Akifanya vema, alisifiwa.

Alipofika umri wa mwaka mmoja hivi, alirudishwa shuleni. Hapo ndipo penye uchungu. Watoto wa nyumba ile walikwisha kumpenda, nao walipaswa kumtoa ili akawe macho ya mtu wasiyemjua. Mpango huo ungali unafuatwa mpaka leo.

Shuleni mbwa hufundishwa jambo gumu kuliko yote, yaani kukataa amri. Kipofu akisema, "Mbele!" na gari linakuja, mbwa lazima asimame. Mbwa aliyelelewa kwa fimbo na hofu hutii tu. Mbwa aliyelelewa kwa subira humwamini mtu, naye aweza kumwokoa.

Wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumbukeni, kukunja si kuvunja.

Maswali ya kujibu:
1. Shule ya Oldenburg ilifunguliwa mwaka gani, na kwa ajili ya nani?
2. Mpango wa mwaka 1956 uliondoa shida gani?
3. Kwa nini mbwa huyu hufundishwa kukataa amri?

Kwaherini mpaka somo lijalo.