Kutu ya Pwani: Bati la gari la kale hupimwa kabla ya kuchomelewa

MWENYE gari la kale anayeishi kati ya Kilifi na Malindi ana adui ambaye mwenzake wa Nairobi hamjui sana: chumvi ya bahari. Upepo wa kusi na wa kaskazi huipeperusha kutoka ufuoni, ikatua kwenye maungio ya bati, ikavuta unyevu na kuharakisha kutu. Ndiyo sababu gari linaloonekana zima kwa nje huweza kuwa limeoza ndani.

Si magari yote yanayoathirika kwa namna moja. Peugeot 404, iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, haina fremu ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo hubeba uzito. Vizingiti vya chini ya milango vikioza, gari hulegea na huwahatarisha abiria likigongwa.

Land Rover za zamani, zilizoanza kuundwa mwaka 1948 wakati chuma kilikuwa haba Uingereza, zina mabati ya aluminiamu juu ya fremu ya chuma. Aluminiamu haifanyi kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi huliwa na kugeuka unga mweupe. Dawa ni kuzitenganisha metali hizo kwa rangi au mpira mwembamba.

Kabla ya kuwasha moto, fundi alitegemeze gari lisipinde, achomoe betri na kuondoa tangi la mafuta. Kisha akwangue rangi na puti hadi afikie bati safi. Sehemu iliyooza ikatwe yote, kwani kiraka kilichochomelewa juu ya kutu huifungia ndani, nayo huendelea kula.

Kosa linalowagharimu wengi ni pupa. Bati jipya lishikizwe kwanza kwa skurubu, milango, boneti na buti virudishwe mahali pake, na nafasi baina ya vipande zipimwe pande zote. Mlango ukikataa kufunga wakati huo, marekebisho ni rahisi. Baada ya kuchomelea, ni kukata upya. Bati lenyewe lina unene wa karibu milimita 1 tu. Kwa hivyo lichomelewe nukta moja hapa na nyingine mbali, likiachwa lipoe, maana moto wa mfululizo hulikunja.

Hatimaye mishono isuguliwe na kupakwa praima yenye zinki, na ndani ya vizingiti inyunyizwe nta. Matundu ya kutolea maji yasizibwe. Gari lioshwe kwa maji matamu, kwa kuwa baadhi ya visima vya karibu na ufuo vina chumvi.

Puti ina kazi yake, nayo ni kusawazisha vibonyeo vidogo, si kujaza matundu. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayenunua gari la kale Pwani na apitishe sumaku juu ya bodi ya chuma. Isiponata, chini ya rangi hiyo kuna puti nene, na huenda kuna kutu pia.