Utafiti wa selimundu mkoani Mara

Utafiti wa selimundu mkoani Mara ni sehemu ya tafiti za kitabibu zilizofanyika katika eneo la Ziwa Viktoria, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kuhusu selimundu (pia: sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi unaodhuru hasa watoto. Takwimu zilizokusanywa Musoma katika miaka ya 1950 hutajwa hadi leo katika vitabu vya jenetikia duniani.

Ugonjwa

Selimundu hutokana na badiliko dogo katika jeni linalotengeneza himoglobini. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, huvunjika mapema na kuziba mishipa midogo. Mtoto hupata upungufu wa damu, maumivu makali ya mifupa, maambukizi na wakati mwingine kiharusi.

Anayerithi jeni hilo kutoka kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji, na kwa kawaida haugui. Wazazi wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mwenye ugonjwa. Dalili huanza kuonekana baada ya miezi michache, kwa sababu himoglobini ya kichanga humkinga mtoto mwanzoni.

Takwimu za Musoma

Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aligundua kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa hoja kwamba ubebaji hukinga dhidi ya malaria kali.

Mwaka 1956 alichapisha vipimo vya watu wa Wilaya ya Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, wabebaji walikuwa 89 (asilimia 31) na wenye ugonjwa 9 (asilimia 3.1). Kati ya watu wazima 654, wabebaji walikuwa 249 (asilimia 38), lakini wenye ugonjwa walikuwa 5 tu (asilimia 0.8). Tofauti hiyo ilionyesha mambo mawili: wabebaji waliokoka malaria kuliko wengine, na wengi wa watoto wenye selimundu walikufa kabla ya kukua.

Upimaji wa watoto wachanga

Hospitali ya rufaa ya Bugando iliyoko Mwanza hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa. Miaka 2017 na 2018 watafiti wake walipima selimundu katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo yalikuwa yamekusanywa vituoni kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga. Katika sampuli 17,200, mtoto mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa. Njia hii hutumia maabara na usafirishaji uliopo tayari, hivyo damu ya mtoto wa kijijini hufika maabara bila mzazi kusafiri.

Matibabu

Hidroksiyurea ni dawa ya kumeza inayoongeza himoglobini ya kichanga mwilini. Kulikuwa na hofu kwamba ingeongeza malaria kwa watoto wa Afrika. Jaribio la REACH, lililotibu watoto 606 katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, lilichapishwa mwaka 2019 na kuonyesha kinyume: maumivu, malaria, uhitaji wa kuongezewa damu na vifo vilipungua.

Bugando ilianza mradi wa SPHERE, uliohusisha takriban watoto 200. Kasi ya damu katika mishipa ya ubongo ilipimwa kwa mawimbi ya sauti ili kutambua walio hatarini kupata kiharusi, nao wakapewa hidroksiyurea. Kasi hiyo ilipungua.

Umuhimu kwa jamii

Kwa vijiji vya ufukweni kama vya kata ya Kisorya, wilayani Bunda, ambako kivuko huelekea Ukerewe, hospitali ya rufaa iko mbali. Kwa hiyo mambo yanayoweza kufanyika karibu na nyumbani ni muhimu: kupima mapema, penisilini kwa watoto wadogo, chanjo, chandarua chenye dawa, na kumwahisha kituoni mtoto mwenye homa, anayepauka ghafla au aliyevimba vidole vya mikono na miguu.