Masikio ya sungura, maziwa ya paipai na mgongo wa mtu

Leo tuache kidogo mihogo na mpunga, tuongee historia ya mgongo. Lakini mtu wa agronomi haendi mbali na shamba: historia hii inapita ndani ya mti unaoota nyuma ya majiko yetu, Obokote kama Kindu. Ni mpaipai.

Mama yeyote wa kwetu anajua: nyama ngumu ikifungwa ndani ya majani ya mpaipai inalainika mbele haijafika motoni. Siyo uchawi. Ndani ya maziwa ya mti huu kuna enzimu yenye kukata-kata protini, inaitwa papaini. Wafanyabiashara waliona mapema kwamba ni mali. Mashamba ya mpaipai yakapandwa Congo ya mashariki, sana sana upande wa Beni, tena Uganda na Tanganyika. Kazi yake ni ya mikono. Asubuhi, jua halijapanda, mtu anachanja ngozi ya paipai bichi, mistari michache, kina cha milimita moja ao mbili tu. Maziwa yanadondoka juu ya kitambaa kilichotandazwa chini ya matunda. Kisu cha chuma cha kawaida hakifai, juu chuma kinaharibisha maziwa, yanageuka rangi na kupoteza nguvu. Na mikono isiyokingwa inachubuka, juu enzimu haichagui kati ya nyama ya ng'ombe na ngozi ya mtu. Kisha siku chache, tunda lile lile linachanjwa tena. Maziwa yanakaushwa, yanakuwa unga, unga unapanda meli.

Kule Ulaya na Marekani, unga ule ulikuwa na kazi mbili kubwa: kulainisha nyama, na kusafisha bia ili isifanye ukungu ikipozwa. Kazi ya tatu ilionekana kwa bahati tu ndani ya labo, na sungura ndiye aliyeionyesha.

Munganga mmoja, Lewis Thomas, alitaka kujua namna enzimu zinavyoharibu mwili. Akadunga papaini ndani ya mishipa ya damu ya sungura. Kesho yake masikio ya sungura, ambayo husimama wima, yalikuwa yamelala pande mbili za kichwa kama majani ya lengalenga yaliyopigwa na jua. Kisha siku chache yakasimama tena. Thomas akaangalia vipande vya sikio kwa mikroskopi, hakuona kitu. Sikio limejengwa na gegedu, na wakati ule wataalamu walihesabu gegedu kuwa kitu kilicholala, kisichobadilika. Akaacha, akaendelea na kazi zingine.

Munganga mwingine, Aaron Kellner, aliona jambo lile lile. Lakini yeye alikuwa anatafuta mambo ya moyo. Masikio yalimsaidia tu kujua kama papaini iko bado na nguvu. Naye akaendelea na moyo wake.

Miaka ikapita. Thomas akawa anafundisha wanafunzi wa utabibu wa mwaka wa pili, akataka kuwaonyesha ile ajabu ya masikio. Safari hii aliongeza jambo moja: alichukua sikio la sungura aliyedungwa na sikio la sungura asiyedungwa, akayakata yote mawili, akaweka vipande karibu karibu. Hapo tofauti ikaonekana wazi. Ile saruji inayoshika gegedu ilikuwa imepungua mingi. Kazi ile ilichapishwa mwaka 1956.

Sasa tuje kwa mgongo wenyewe. Kati ya pingili za uti wa mgongo wa mtu kuna disiki 23. Pembeni, disiki ina pete ngumu za nyuzi; katikati, ina kiini laini chenye kushika maji, ndugu ya karibu ya gegedu. Hakuna mshipa wa damu unaofika katikati; chakula chake kinapenya polepole toka pembeni. Ndiyo maana disiki inazeeka mapema, na ikichoka haijitengenezi vizuri. Maji yanapungua, pete zinapasuka, mara nyingine kiini kinatoka na kubana neva inayoshuka mguuni. Mama mwenye kitunga cha mihogo mgongoni, kijana anayesukuma kinga yenye mizigo mpaka Kindu, mingi yao wanajua maumivu yale yanayoanza kiunoni na kufika kwenye kisigino.

Wapasuaji wawili wa Boston, Mixter na Barr, walieleza wazi mwaka 1934 kwamba kiini kilichotoka njo kinaleta maumivu yale. Dawa ikawa kisu. Mwaka 1941, Jansen na Balls walitenga ndani ya maziwa ya paipai enzimu ingine, kimopapaini. Mwaka 1959, Carl Hirsch wa Sweden akauliza kama enzimu haiwezi kuyeyusha kiini kibaya bila kupasua mtu. Kisha mpasuaji wa mifupa wa Illinois, Lyman Smith, akaunganisha nyuzi zote: kama paipai inaangusha sikio la sungura, itafanya nini ndani ya disiki? Akadunga disiki za sungura. Kiini kikayeyuka, pete za pembeni zikabaki. Matokeo yakatoka mwaka 1963, na mwaka ule ule mgonjwa wa kwanza akadungwa. Toka sungura mpaka mtu, safari ilikuwa fupi sana.

Tusimame hapo kidogo, juu hapa njo kuna fundisho. Sungura alijibu swali moja sawasawa: enzimu hii inaweza kuyeyusha kiini? Ndiyo. Lakini sungura wa labo hakuwa mgonjwa. Alikuwa na disiki nzima iliyoharibiwa kwa sindano. Tena kiini cha disiki yake kinabaki na chembe za utotoni, zile zilizotoka kwenye mimba, hata akiwa mkubwa. Mtu anazipoteza karibu na miaka kumi. Kwa upande huu mbuzi, kondoo na ng'ombe wako karibu na sisi kuliko sungura, juu nao wanazipoteza. Ndiyo maana siku hizi labo nyingi zinatumia mbuzi ao kondoo, hata disiki za mkia wa ng'ombe zilizochukuliwa kwenye machinjio. Na yule anayesema kwamba mnyama wa miguu mine hawezi kufundisha kitu juu ya mgongo wetu, juu hasimami wima, anakosea pia: misuli yake inabana uti wa mgongo kwa urefu, kama ya kwetu inavyofanya.

Swali la pili, sungura hakuweza kulijibu: mgonjwa aliyedungwa atapona kuliko yule asiyedungwa? Hilo linahitaji watu, na linahitaji kulinganisha. Lakini baada ya 1963 maelfu ya wagonjwa wa Marekani walidungwa, na waganga wakahesabu waliopona tu. Maumivu ya mgongo yana tabia moja: mara nyingi yanapoa yenyewe. Sasa utajuaje kama ni dawa ao ni siku zimepita? Mwaka 1975 ndipo matokeo ya jaribio lenye kundi la sindano ya uongo yalitoka, na tofauti haikuonekana wazi. Ombi la ruhusa ya kuuza dawa likaondolewa. Watu wakabishana: wengine walisema sindano ile ya uongo yenyewe haikuwa maji matupu. Ikabidi kuanza upya. Adelaide, Australia, Fraser alichukua wagonjwa 60, nusu wakapata kimopapaini, nusu maji ya chumvi. Mwaka 1982 alionyesha kwamba wa dawa walipata nafuu zaidi. Mwezi wa kumi na moja mwaka ule, Marekani ikatoa ruhusa.

Furaha haikudumu. Kati ya watu mingi waliodungwa, wachache walipata mzio mkali, wengine wakafa. Wachache wengine wakapooza miguu. Wataalamu walifikiri kwamba miili ya wengine ilikuwa imekwisha kuzoea kuichukia papaini, juu walikuwa wanaikuta ndani ya nyama na bia. Sungura asiyekunywa bia angeonyesha hilo namna gani? Polepole waganga wakarudia kisu kidogo, na mwaka 2003 dawa ikaacha kuuzwa Marekani. Lakini wazo halikufa: mwaka 2018 Japani iliruhusu enzimu ingine, inayotoka kwa bakteria, kwa kazi ile ile. Na asidanganyike mtu: kula paipai ao kujipaka maziwa yake hakutengenezi disiki.

Wandugu, sisi tuliosoma agronomi tunajua neno moja la shambani: kipande cha shahidi, kile kisichowekwa mbolea wala dawa. Historia hii yote inazunguka hapo. Thomas alishindwa wakati aliangalia sikio moja, akaona wakati aliangalia mawili. Wapasuaji walipoteza miaka kumi na mbili juu hawakuwa na shahidi. Na kwetu, mti ulikuwepo, sungura walikuwepo, na mama alikuwa anajua toka zamani kwamba jani lile linalainisha nyama. Tuliuza unga, wengine wakauliza swali.

Basi wewe unayetayarisha TFC ya muhindi ao ya kulisha mbuzi, utasikia watu wanasema shamba ni dogo, shahidi anakula nafasi bure. Kama nafasi haitoshi, punguza hesabu ya mbolea unazojaribu. Shahidi abaki.