Kutoonekana kama Mbinu ya Vita: Wahehe, Wajerumani na Gharama ya Siri katika Nyanda za Juu Kusini, 1891–1898

Utangulizi

Upinzani wa Wahehe dhidi ya utawala wa Wajerumani umezoeleka kusimuliwa kwa kipimo cha ushujaa. Jina la Lugalo limepewa kambi ya jeshi jijini Dar es Salaam, na jina la Mkwawa limepewa chuo kikuu kishiriki mjini Iringa. Heshima hiyo ni halali, lakini ushujaa peke yake hauelezi kwa nini jeshi lililotegemea mikuki lilishinda mwaka 1891, kwa nini lilishindwa mwaka 1894, wala kwa nini mtawala aliyepoteza ngome yake aliweza kuishi takribani miaka minne zaidi bila kukamatwa. Makala hii inayachunguza maswali hayo kwa kuangalia nani alimwona nani, wakati gani, na kwa gharama ya nani. Hoja yake kuu ni kwamba kutoonekana hakukuwa sifa ya mtu mmoja wala zawadi ya msitu. Kulikuwa uhusiano wa kijamii: mpiganaji alifichika kadiri waliomwona walivyokubali kunyamaza.

Lugalo: jeshi lililofichika

Mwezi Agosti 1891 Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa jina la Nyundo, aliingia Uhehe na msafara wa maofisa wa Kijerumani, askari zaidi ya 300 na wapagazi wengi. Kwa silaha, msafara huo ulikuwa na nguvu kuliko jeshi lolote lililokuwa Uhehe wakati huo. Kwa mwendo, ulikuwa dhaifu. Ulitembea katika safu ndefu na nyembamba, katika nchi ya mawe na vichaka ambayo viongozi wake hawakuijua, huku mizinga ikiwa mizigo na si silaha iliyo tayari kupigwa.

Tarehe 17 Agosti, mnamo saa 1 asubuhi, Wahehe wanaokadiriwa kufikia 3,000 walikuwa wamejificha kandokando ya njia karibu na Lugalo. Kufichika kwao kulikuwa na shabaha maalumu. Bunduki humpa faida mwenye nafasi ya kulenga na muda wa kujaza risasi, na mkuki hauna faida hiyo mpaka umbali ufutwe. Uvamizi wa kuvizia uliufuta umbali huo kabla vita havijaanza. Masimulizi ya waliosalia upande wa Wajerumani yanaeleza kwamba ofisa mmoja alimpiga risasi ndege, na mlio huo ukachukuliwa kuwa ishara ya kushambulia kabla safu nzima haijaingia mtegoni. Pamoja na hayo, vita vikali vilidumu kwa dakika chache tu. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine tisa na sehemu kubwa ya askari wake. Wahehe waliteka bunduki takribani 300 na mizinga. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya safu, aliokoka na kuwakusanya wachache waliosalia.

Ushindi huo haukuwa wa bure. Wahehe wengi waliuawa, kwa sababu mbinu ya kuvizia ililinda mwili mpaka ishara ilipotolewa. Baada ya hapo kila mpiganaji alikuwa wazi mbele ya bunduki. Kwa hiyo kufichika kulinunua mwanzo wa vita tu, na muda uliobaki ulilipiwa kwa damu.

Kalenga: jeshi lililoonekana

Baada ya Lugalo, Mkwawa aliweka matumaini makubwa katika ngome yake ya Kalenga. Jina la Iringa lenyewe linahusishwa na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Katika vita vya majirani, ukuta wa mawe ulikuwa kinga ya kutosha. Mbele ya mizinga ya Wajerumani, ukuta ulikuwa shabaha isiyohama.

Gavana Friedrich von Schele aliishambulia Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, na tarehe 30 mwezi huo ngome ikaanguka. Wanawake na watoto wengi walitekwa. Mkwawa mwenyewe alitoroka. Ulinganisho na Lugalo unaonesha mabadiliko ya msingi: mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wakipita mahali wasipoona adui, na mwaka 1894 walijua hasa adui alipo. Silaha zilizotekwa Lugalo hazikuweza kufidia hasara hiyo ya siri.

1894–1898: mtu mmoja, macho mengi

Kuanguka kwa Kalenga hakukumaliza vita. Mkwawa alirudi katika mbinu ya kuhamahama, akiwa na kundi dogo kila mara. Hapa ndipo dhana ya kutoonekana inapohitaji kuchambuliwa kwa makini. Mtu anayehama anahitaji chakula, habari na mahali pa kulala, na kila hitaji kati ya hayo humwonesha kwa mtu fulani. Mkwawa hakuonekana na Wajerumani kwa sababu alionekana na Wahehe wengi waliokataa kusema.

Tom von Prince, aliyeanzisha kituo kipya cha Iringa mwaka 1896, alilielewa jambo hili. Mkakati wake haukuwa kumtafuta mtu mmoja porini tu. Alilenga kuvunja ukimya uliomzunguka. Kwanza, aliwavuta vanzagila, yaani viongozi wa maeneo, wajisalimishe. Pili, alitumia maadui wa zamani wa Uhehe. Wasangu wa akina Merere, ambao Wahehe walikuwa wamewasukuma magharibi hadi Usafwa, karibu na Mbeya ya leo, walirudishwa Usangu wakiwa washirika wa Wajerumani. Kwao, siri ya Mkwawa haikuwa siri ya nchi yao. Ilikuwa siri ya aliyewafukuza. Tatu, doria ziliwanyima wafuasi wa Mkwawa chakula na makazi. Nne, kichwa chake kiliahidiwa zawadi ya rupia 5,000.

Kisa cha Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kinaonesha ukali wa mkakati huo. Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa 1896, na Februari 1897 wakamnyonga kwa tuhuma za kumsaidia ndugu yake. Kwa watu wa kawaida, somo lilikuwa wazi. Ikiwa mtawala aliyewekwa na Wajerumani wenyewe aliweza kuuawa kwa tuhuma ya kuficha habari, mkulima aliyetoa kikapu cha mahindi usiku alikuwa na kinga gani?

Mwisho ulikuja tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi. Doria ya sajini Merkl iliongozwa na kijana aliyekamatwa, aliyekuwa amefuatana na Mkwawa. Askari walinyemelea hadi wakaona watu wawili wamelala, wakapiga risasi. Walipokaribia waligundua kwamba Mkwawa alikuwa tayari amejiua kwa bunduki. Safari hii walionyemelea walikuwa Wajerumani, na waliyemkuta hakuwa tena mtu wa kukamatwa.

Hitimisho

Ulinganisho na Vita vya Majimaji unafafanua hoja hii. Mwaka 1905 wapiganaji wa kusini walitegemea dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na huko Mahenge waliishambulia boma waziwazi mbele ya bunduki za mtombo. Imani ile iliwaunganisha watu wa makabila mengi, jambo ambalo mbinu ya Wahehe haikufanya kamwe. Lakini haikumficha mpiganaji. Wahehe kwa ujumla hawakujiunga na vita hivyo, na baadhi yao walifuatana na kapteni Nigmann wa Iringa kwenda kuinusuru Mahenge. Siri iliyomlinda Mkwawa ilikuwa na mipaka ya Uhehe, na nje ya mipaka hiyo, Usangu kwa mfano, iligeuka kuwa habari ya kumpa adui.

Fuvu linalohusishwa na Mkwawa, lililotajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, lilirudishwa mwaka 1954 na kuhifadhiwa Kalenga, na leo linaonwa na kila mgeni. Wale waliomlisha, waliomwonya na waliokaa kimya hawana kumbukumbu ya aina hiyo. Kufanikiwa kwao kulitegemea kutoacha alama, na hivyo wamefichika hata kwa mwanahistoria. Utafiti wa vita hivi utakuwa na upungufu iwapo utaendelea kumhesabu shujaa mmoja na kuwaacha nje waliolipa gharama ya kumficha.