Mafua ya Nguruwe: Jinsi Ugonjwa Ulivyotambuliwa

Ukiona nguruwe wako wanakohoa, makamasi yanawatoka na chakula hawataki, utajuaje ni ugonjwa gani? Swali hili lilimkabili daktari wa mifugo J. S. Koen, huko jimbo la Iowa, Marekani, mwaka wa 1918.

Mwaka huo mafua makali yalikuwa yakiua watu duniani kote, hata hapa Kenya. Koen aliona boma ambalo watu wakiugua, nguruwe nao wanafuata. Na pengine nguruwe wanaanza, kisha watu. Akasema haya ni mafua. Wafugaji walimkasirikia, wakihofia watu wataacha kununua nyama. Naye hakuwa na kipimo, alikuwa na macho yake tu.

Kipimo kilikuja na Richard Shope. Alichukua ute wa nguruwe wagonjwa, akaupitisha kwenye chujio ambalo bakteria hawapenyi, kisha akautia puani mwa nguruwe wazima. Wakaugua, ingawa kidogo. Alipouchanganya na bakteria fulani, wakaugua vibaya. Mwaka wa 1931 akatangaza: ni virusi. Vya mafua ya binadamu vilipatikana 1933, kwa hivyo nguruwe alitutangulia! Nadhani Koen alistahili kuombwa radhi.

Mwaka wa 1936 Shope alipima damu ya watu. Watu wazima walikuwa na kinga dhidi ya virusi vya nguruwe. Watoto waliozaliwa miaka ya baadaye hawakuwa nayo. Damu ilikuwa bado inakumbuka 1918.

Mwaka wa 2009 mafua mapya yenye asili ya nguruwe yalienea duniani, yakafika Kenya mwezi wa Juni. Misri iliamuru nguruwe wachinjwe, ilhali watu walikuwa wakiambukizana wao kwa wao.

Usichanganye mafua haya na ile homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo Montgomery aliieleza hapa Kenya mwaka wa 1921. Hiyo haishiki binadamu, lakini yaweza kumaliza boma zima. Mafua huua wachache. Wengi hupona kwa muda wa wiki moja hivi.

Kwa macho huwezi kuwa na hakika. Mwite afisa wa mifugo siku za kwanza za homa, apanguse pua kwa pamba na kuipeleka maabara ikiwa kwenye barafu. Akichelewa, virusi vitakuwa vimetoweka puani, na itabidi damu itolewe mara mbili, wiki mbili au tatu zikipita katikati, ili kuona kama kinga imepanda.