Programu Itikivu: Maana Yake na Hoja ya Jina Lake

Katika elimu ya kompyuta upo mtindo wa kuandika programu ambao thamani moja ikibadilika, thamani zote zinazoitegemea hubadilika nayo papo hapo, pasipo mwandishi kuiamuru kila moja kwa amri yake. Na mtindo huo, ambao vijana wetu aghalabu huutaja kwa jina la kigeni, reactive programming, ndio ninaokusudia kuuita programu itikivu.

Natutwae mfano wa pwani ya kusini ya Tanzania. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba lipitalo chini ya bahari hadi Somanga na kisha kushika nchi kavu. Tuseme katika bomba la namna hiyo imefungwa geji ya presha, na kompyuta ndogo yaisoma, na kutokana na presha hiyo hupatikana mambo matatu: tarakimu ionekanayo kwenye kioo cha mwangalizi, wastani wa saa nzima, na uamuzi wa kupiga king'ora. Kwa desturi ya kale, kila mahali presha inapobadilishwa mwandishi hana budi kuandika amri ya kuandika tarakimu upya, na ya kukokotoa wastani, na ya kutazama king'ora. Naye akighafilika mahali pamoja tu, kioo kitaonyesha salama ilhali bomba limo hatarini. Katika programu itikivu presha hufanywa ishara, mambo yale matatu hujiandikisha kwayo mara moja, na tangu hapo ishara yenyewe ndiyo iwaarifuyo wafuasi wake.

Fikra hii si ngeni. Jedwali la hesabu la VisiCalc, lililotoka mwaka 1979, lilikuwa likikokotoa upya jumla kila tarakimu ilipobadilishwa. Na mwaka 1997 Conal Elliott na Paul Hudak waliitia fikra hiyo katika nadharia ya uandishi wa programu.

Ugumu huja inapotakiwa kuundwa maktaba ya mtindo huu kwa lugha ya mifumo, kama vile Rust, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitolewa mwaka 2015. Lugha hii haina mfagizi wa kukusanya kumbukumbu zilizoachwa. Badala yake imeweka sharia ya umiliki, kwamba kila thamani ina mwenyewe mmoja, naye aweza kuwaazima wasomaji wengi au mbadilishaji mmoja, lakini si wote kwa wakati mmoja. Ishara nayo hutaka kinyume cha hayo, maana wafuasi wake ni wengi, kila mmoja aikumbuka, na hapo hapo yabadilika. Kwa hiyo maktaba nyingine hugawa umiliki kwa kuhesabu washirika, na nyingine, kama Leptos, huziweka ishara katika ghala moja na kuwapa wafuasi hati ndogo inayonakilika, ambayo kwayo thamani huombwa ghalani kila ihitajiwapo.

Amma jina, wako wanaopendekeza mmenyuko, nalo ni neno zuri, illa wanakemia wamekwisha kulimiliki, na mwanafunzi atakayelikuta katika masomo mawili kwa maana mbili atataabika bure. Wengine husema tendaji. Lakini tendaji ni sifa ya kila programu ifanyayo kazi. Kuitikia kuna maana mahususi: penye mwitikio pana mwito uliotangulia, na msikilizaji aliyekwisha kujiweka tayari. Katika hitima ya Kilwa Kivinje, mmoja asomapo dua, jamaa wote huitikia "amina" kila kituo, wala hapana aguswaye begani kuambiwa zamu yake imefika. Fauka ya hayo, sarufi yaturuhusu bila tashwishi, kwa kuwa kama sikia ilivyotuzalia sikivu na tulia ikatuzalia tulivu, vivyo hivyo itikia hutuzalia itikivu. Na humo hupatikana jamii nzima ya istilahi: mwito, mwitikio, mwitikiaji.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba mmenyuko uachiwe kemia, na kompyuta ipewe itikivu. Nawasihi walimu na waandishi wa programu walitumie neno hili darasani na katika maelezo ya kazi zao, kabla ya kulifikisha mbele ya Baraza la Kiswahili la Taifa, kwani istilahi iliyokwisha kutumika ndiyo iliyo nyepesi kusanifishwa.